Mhadhara wa Git hujengwa juu ya swali moja

Tarehe 3 Mei 2007 Linus Torvalds alisimama mbele ya wahandisi wa Google nchini Marekani akazungumza kwa zaidi ya saa moja kuhusu Git, programu ya kudhibiti matoleo aliyoianzisha miaka miwili kabla. Video ya mhadhara ule ingali inatazamwa, na wengi huikumbuka kwa ukali wake: aliishambulia CVS, akaifuatisha Subversion, mifumo iliyoitangulia Git, wala hakuwaonea haya wanaoitumia. Mimi niliirudia kwa sababu nyingine. Nilikuwa napanga mhadhara wa dakika 40 juu ya mifumo ya kudhibiti matoleo, kwa wasanidi programu vijana wa Dar es Salaam, na nilitaka kuona mtu anawezaje kuizungumzia Git muda wote ule bila kuiendesha mbele ya wasikilizaji, na bado akaeleweka.

Jibu liko katika mambo aliyoyaacha. Torvalds hakufundisha amri. Hakuonyesha jinsi ya kusakinisha, hakuandika chochote kwenye terminali, na slaidi zake zilikuwa chache. Alishika swali moja: ni nani anayeruhusiwa kuandika kwenye mradi, na ruhusa hiyo inatoka wapi? Katika CVS na Subversion kuna hifadhi moja tu, iliyoko kwenye seva, na asiye na ruhusa ya kuiandikia hawezi kuweka hata rekodi ya kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo siasa za mradi zinapoanzia: nani apewe, nani anyimwe, na nani atanung'unika. Git humpa kila mtu hifadhi kamili, na historia yote ndani yake. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Anayetaka kazi ya mwenzake anaivuta kwake, na anavuta kwa anayemwamini.

Akishalijibu swali hilo, mengine yanafuata kwa mkondo. Kama kila mtu ana hifadhi yake, basi kila mtu ana tawi lake, kwa hiyo kuunganisha matawi lazima kuwe jambo la sekunde chache, la kufanywa mara kadhaa kwa siku. Kama historia inapita mikononi mwa watu wengi, lazima pawe na njia ya kugundua ikiwa imeharibika au imechezewa njiani, na kwa hiyo kila kitu ndani ya Git kinapewa heshi ya SHA-1. Msikilizaji hapewi orodha ya sifa. Anapewa tatizo, kisha anaziona sifa zikizaliwa kutoka humo, moja baada ya nyingine.

Tatizo lenyewe halikuwa la kubuni. Kwa miaka mingi kerneli ya Linux ilijengwa kwa viraka vilivyotumwa kwa barua pepe, na Torvalds akivipachika mwenyewe. Mwaka 2002 alianza kutumia BitKeeper, programu ya kibiashara ambayo kampuni iliyoitengeneza iliwapa wajenzi wa kerneli bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo iliondolewa baada ya mgogoro, kampuni ikimlaumu msanidi programu Andrew Tridgell kwa kuchunguza namna programu hiyo inavyowasiliana. Komiti ya kwanza ya Git ni ya tarehe 7 Aprili 2005, ikiwa na zaidi kidogo ya mistari 1,200. Tarehe 16 Aprili kerneli yenyewe iliwekwa ndani ya Git. Julai mwaka huohuo Torvalds alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wa programu. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kusimama saa nzima bila terminali.

Mhadhara huo haufai kuigwa Dar es Salaam ya leo, na sababu ni wasikilizaji. Wahandisi waliokuwa mbele ya Torvalds waliyajua maumivu ya kuunganisha matawi katika mifumo ya zamani. Alipolitaja tatizo hakuhitaji kulieleza. Kijana anayeanza kazi sasa hajawahi kuiona CVS. Ameikuta Git imekwisha kushinda. Amejifunza amri tatu kwa moyo: git add, git commit, git push, na kwa miezi mingi zinamtosha. Ukimwambia kwamba mfumo uliogawanyika ni bora kuliko wa seva moja, atakubali kwa heshima asikumbuke chochote, kwa kuwa unamhubiria vita vilivyokwisha kabla hajashika kompyuta.

Kuna mfano wa upande wa pili. Scott Chacon, mmoja wa waanzilishi wa GitHub na mwandishi wa kitabu cha Pro Git, alitoa mhadhara katika mkutano wa FOSDEM mjini Brussels mwaka 2024, akipitia mipangilio na amri mpya moja baada ya nyingine kwa kasi. Uliwafaa wale waliokuwa pale: watu wanaoitumia Git kila siku na wanaotaka kujua kilichoongezeka wakiwa wamelala. Orodha ya namna hiyo ukiipeleka mbele ya mtu ambaye bado haelewi tawi ni nini, anatoka na picha za slaidi kwenye simu na hakuna zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupanga ilikuwa kutafuta swali ambalo wasikilizaji wangu wanalo tayari, kama wahandisi wa Google walivyokuwa na la kwao. Halikuwa mbali. Kila anayefundisha Git amelisikia, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa sauti ya hofu: kazi yangu imepotea, imekwenda wapi? Mtu amekomiti kazi ya siku mbili. Kuna kitu kimekataa. Ametafuta mtandaoni, ameikuta amri ya git reset --hard yenye HEAD~3 mwishoni, ameinakili bila kuielewa, na faili zimetoweka. Wengine hufuta folda nzima na kuanza upya, na hapo ndipo wanapoipoteza kazi kweli.

Swali hilo lina faida kubwa kwa mpangaji: haliwezi kujibiwa kwa amri peke yake. Ukimpa mtu amri ya kuokoa, umemwokoa leo. Ili ajiokoe mwenyewe mwezi ujao, lazima ajue Git inahifadhi nini na wapi. Kitabu cha Pro Git kinaweka mambo ya ndani ya Git katika sura yake ya mwisho, na kwa kitabu huo ni mpangilio wa busara, maana msomaji anaweza kurudi nyuma na kwenda mbele. Katika mhadhara wa dakika 40 naona yafaa kugeuza: mambo ya ndani yaje mwanzo, kwa uchache unaotosha kulijibu swali.

Uchache huo ni vitu vitatu. Komiti ni picha ya mradi mzima kwa wakati mmoja, pamoja na jina la aliyeiweka, saa, ujumbe wake, na heshi ya komiti iliyoitangulia, inayoitwa mzazi. Heshi ni tarakimu 40 zinazokokotolewa kutokana na hayo yote, na ukibadilisha herufi moja zinabadilika kabisa. Tawi ni faili dogo lililobeba heshi moja tu. Kitu cha tatu ndicho kinachowashangaza watu zaidi, na ndicho nilichokipa muda mrefu. Wengi wana picha ya tawi kama sanduku lenye komiti ndani yake, na kwa picha hiyo ni lazima waamini kwamba tawi likirudi nyuma komiti zimemwagika. Katika hifadhi ya kawaida, tawi ni faili la baiti 41: tarakimu 40 za heshi na alama ya mwisho wa mstari. Hakuna kingine ndani yake.

Uhusiano wa komiti na mzazi wake niliueleza kwa majina yetu. Mtu anayeitwa Salum Hamisi Juma amembeba baba na babu katika jina lake, lakini hakuna mahali ambapo jina la Juma linamtaja mjukuu. Komiti ni hivyohivyo: inamjua mzazi, haimjui mtoto. Tawi likiwekwa kwa babu, Git ikianza kusoma historia kutoka hapo inakwenda juu tu, kwa baba wa babu, na wajukuu hawaonekani. Hawajafa. Hakuna aliyewaita. Baada ya hapo msikilizaji anaelewa bila kuambiwa kwamba kumpata mjukuu kunahitaji kitu kimoja tu, jina lake, yaani heshi yake. Komiti inayounganisha matawi ina wazazi wawili, na kwa kawaida nasimama hapo. Hata hivyo kerneli ya Linux ina komiti moja yenye wazazi 66, jambo ambalo husaidia kuamsha ukumbi baada ya chakula cha mchana.

Sasa jaribio. Nilitaka watu waone kwa macho kwamba git reset --hard haifuti komiti. Hatua ni hizi: nasoma faili la tawi moja kwa moja ndani ya folda ya .git, tarakimu 40 zinatokea, naendesha reset, nasoma faili lilelile, tarakimu ni nyingine, kisha naiita heshi ya zamani kwa git cat-file -p, na komiti inajitokeza nzima, jina, saa, ujumbe na yote. Baada ya hapo ndipo git reflog inapoingia, kama daftari ambamo Git imeandika kila mahali HEAD, yaani alama ya mahali ulipo katika historia, ilipowahi kusimama. Amri ya mwisho ni git branch okoa, ikifuatwa na heshi, na kazi imerudi. Sikutaja reflog kabla ya hapo hata mara moja. Ikitajwa mapema inakuwa dawa. Ikija baada ya cat-file inakuwa jambo ambalo msikilizaji alikuwa ameanza kulitafuta mwenyewe.

Jaribio hili lina ugumu mmoja wa kiufundi ambao wazungumzaji wengi huukwepa kwa kutumia picha za skrini. Heshi inategemea saa. Ukifanya mazoezi nyumbani, komiti zako zinapata heshi fulani; ukirudia ukumbini, saa imebadilika na heshi zote ni nyingine. Slaidi zako zinasema a3f, terminali inasema 91c, na mtu wa safu ya tatu anaacha kukusikiliza ili alinganishe. Dawa yake ni kuzishika saa. Git inasoma vigezo viwili vya mazingira, GIT_AUTHOR_DATE na GIT_COMMITTER_DATE. Ukiviweka ndani ya skripti inayojenga mradi wa mfano, pamoja na jina lilelile, barua pepe ileile, ukanda wa saa uleule na ujumbe uleule, na ukazima saini ya GPG, heshi zinatoka sawasawa kila mara, kwenye kompyuta yoyote. Slaidi na terminali zinakubaliana. Na ukimweleza msikilizaji kwa nini zinakubaliana, umemfundisha heshi ni nini kwa sentensi mbili.

Yako mambo ya kuangalia hapo. Reflog nayo huandika saa ya GIT_COMMITTER_DATE. Ukichagua tarehe ya miaka kadhaa iliyopita, maandishi ya reflog yanazaliwa yakiwa yamezeeka, na usafi wa Git, yaani git gc, unaweza kuyaondoa kwa kuwa yamepita muda. Katika mradi mdogo usafi wa moja kwa moja hauanzi kirahisi, lakini mhadhara si mahali pa kutegemea hilo. Weka gc.auto kuwa 0 katika mradi wa mfano, au chagua tarehe ya karibu.

Muda huo wa kuzeeka unastahili dakika zake, maana hapa ndipo uaminifu wa mzungumzaji unapopimwa. Kwa mpangilio wa kawaida reflog inatunza maandishi siku 90, na yale ya komiti zisizofikika tena kutoka kwenye tawi siku 30. Iko kwenye kompyuta yako tu. Mwenzako akinakili mradi haipati. Ukifuta folda umeifuta nayo. Na kazi ambayo haikukomitiwa haimo kabisa. Ikiwa faili lilipitishwa kwenye git add kabla ya ajali, yaliyomo yangalipo na git fsck --lost-found inaweza kuyatoa, bila jina la faili. Ikiwa halikupitishwa popote, Git haijawahi kuliona na haina cha kukurudishia. Nimeona mihadhara inayomaliza kwa kuahidi kwamba ukiwa na Git hakuna kinachopotea. Ahadi hiyo ni ya uongo, na anayeiamini atakomiti mara moja kwa wiki.

Kwa mgawanyo wa muda nilitoa dakika 4 kwa kisa chenyewe, 12 kwa vitu vitatu, 12 kwa jaribio, 5 kwa visivyookoka, na 7 kwa maswali. Vilivyoachwa ni vingi: rebase, moduli ndogo, jinsi Git inavyobana data, huduma za mtandaoni kama GitHub. Kila kimojawapo kilikuwa na mtetezi wake kati ya wenzangu walioisoma rasimu. Kipimo kilikuwa kimoja: je, kinasaidia kujibu kazi yangu imekwenda wapi? Kama hakisaidii, kinangoja maswali. Muhtasari wa kupeleka kwa waandaaji uliandikwa baada ya hapo, na ukawa mwepisi: aya moja ya kisa, sentensi moja ya kile ambacho msikilizaji ataweza kukifanya akirudi nyumbani. Wanaosoma mapendekezo husoma mengi kwa siku, na pendekezo linalosema litaeleza umuhimu wa Git haliwaambii chochote.

Ukumbi nao una masharti yake. Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa, na saa nane mchana projekta inapambana na jua. Terminali yenye mandhari nyeusi, inayopendwa sana na wasanidi, huwa haisomeki. Maandishi meusi juu ya nyeupe yanasomeka. Herufi ziwe kubwa kiasi kwamba skrini inabeba mistari 20 hivi, na amri zitungwe zisizidi upana wake. Kiashirio cha terminali kifupishwe kiwe alama moja ya dola, ili njia ndefu ya folda isile nusu ya mstari. Git izuiwe kufungua kurasa za kusogeza, kwa --no-pager, maana mzungumzaji anayehangaika kutoka kwenye ukurasa anaukata uzi wa maelezo. Mapendekezo ya amri yanayojitokeza yenyewe yazimwe. Na kila hatua ya jaribio iwe na lebo ndani ya mradi, ili mkono ukikosea mbele ya watu uruke hadi lebo inayofuata bila kuanza upya.

Mtandao sikuutumia kabisa, na huu si uoga wa intaneti ya ukumbini peke yake. Git haihitaji seva kufanya kazi. Folda nyingine kwenye kompyuta ileile, iliyoandaliwa kwa git init --bare, inakuwa seva tosha: unasukuma huko, unavuta kutoka huko, amri ni zilezile. Kwa hiyo kabla ya jaribio nazima Wi-Fi waziwazi mbele ya watu. Wengi wao wamezoea kuiona Git na GitHub kama kitu kimoja, na bando likiisha wanaacha kukomiti wakidhani hawawezi. Hoja ya Torvalds ya mwaka 2007, kwamba kila mtu ana hifadhi kamili, inawafikia hapo kwa njia wanayoijua mifukoni mwao.

Maswali ni sehemu ya mpango, na mawili yanakuja karibu kila mara. La kwanza ni rebase au merge. Kwa kuwa wasikilizaji wameshaona kwamba heshi ya mzazi ni sehemu ya komiti, jibu ni fupi: rebase humbadilisha mzazi, na ukimbadilisha mzazi umezaa komiti nyingine yenye heshi nyingine, hata kama msimbo ni uleule. Basi rebase ni salama kwa kazi ambayo bado iko kwako, na inaleta vurugu kwa kazi ambayo wenzako wameshaivuta. La pili ni la mtu aliyesukuma ufunguo wa siri kwenye hifadhi ya wazi, mathalani wa huduma ya malipo kwa simu, na sasa anataka kuufuta. Kuufuta katika komiti inayofuata hakusaidii, maana komiti ya zamani ipo na kila aliyeivuta anayo. Kwanza aende kwa mtoa huduma aufute ufunguo na apewe mpya, sasa hivi, hata kama ni katikati ya mhadhara. Kuisafisha historia kunaweza kungoja jioni.

Mradi wa mfano haukuishia ukumbini. Amri ya git bundle hufunga hifadhi nzima, na historia yake, katika faili moja linaloweza kutumwa kwa Bluetooth au kupita kwenye flashi kutoka safu hadi safu bila kugusa mtandao. Anayelipokea anaandika git clone na jina la faili, na anapata mradi kamili. Kwa kuwa reflog haisafiri, anayechukua faili hilo hawezi kuzitafuta komiti nilizozipoteza mimi. Analazimika kuzipoteza zake. Kwa hiyo ndani ya bundle kuna faili moja la maelekezo, mistari michache: endesha skripti hii, soma faili la tawi, fanya reset, kisha okoa. Mwishoni kuna heshi ya komiti ya kuokolewa, iliyochapwa tangu mwanzo, ili kila mtu alinganishe na aliyoipata.